Train Simulator Classic kwa mjenzi wa njia mpya: kihariri chake kwenye mpando wa Drumochter

Ndani ya Train Simulator Classic mna karakana nzima ambayo wachezaji wengi hawajawahi kuifungua mlango. Ni kihariri cha kujengea njia za reli, kinakuja pamoja na mchezo wenyewe, na hakidai hata senti ya ziada. Tathmini hii inakiangalia kwa jicho moja tu: je, kinamfaa mtu anayetaka kupendekeza njia mpya ya Uingereza na kuijenga mpaka wengine waione na kuiendesha? Kazi tuliyokipimia ni ngumu makusudi: Highland Main Line ya Scotland, reli ya maili 118, sawa na kilometa 190, inayotoka Perth hadi Inverness ikivuka vilele viwili.

Kinafaa, na tunakipendekeza kwa moyo mkunjufu, ila kwa sharti moja. Kihariri hiki humtesa anayeanza na miti na nyumba. Anayeanza na mwinuko wa reli na mahali treni zinapopishana, kinamtii vizuri kuliko umri wake unavyoonyesha.

Umri wenyewe si mdogo. Mchezo ulitoka 2007 kwa jina la Rail Simulator, kazi ya Kuju, ukawa RailWorks 2009, ukapitia majina ya kila mwaka ya Train Simulator, na 2022 Dovetail Games wakaubandika jina la Classic. Madirisha ya kihariri bado yana sura ya siku zile: vibao vidogo pembeni mwa skrini vinavyochomoza ukivigusa na kurudi ukiviacha, na alama nyingi ambazo maana yake utaijua baada ya kuzibonyeza. Kilichobadilika kwa faida kubwa ya mjenzi ni toleo la biti 64 lililokuja na TS2019. Kabla yake mchezo wote ulibanwa ndani ya GB 4 za kumbukumbu, na njia ndefu yenye misitu iliweza kuzimika katikati ya safari. Leo hakuna sababu ya kujengea kwenye toleo la biti 32.

Ndugu yake mdogo, Train Sim World, anang'aa zaidi. Anatumia Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo, mwanga wake ni mzuri, na dereva anaweza kutembea ndani ya behewa. Lakini kihariri chake ni mzigo mzito kwa kompyuta na kwa kichwa, kwa sababu kinamtaka mjenzi aijue Unreal yenyewe kwanza. Kwa mtu mmoja mwenye ramani, subira na jioni za wiki, Classic ndiyo mahali pa kuanzia. Pendekezo likishapata miguu huku, kulipeleka kule ni jambo la baadaye.

Sasa kwa nini Highland? Kwa sababu kwenye reli hii kusimama kuna maana. Kuna njia mbili za reli kutoka Perth hadi Stanley Junction, tena kutoka Blair Atholl hadi Dalwhinnie, na tena kutoka Culloden kuingia Inverness. Kwingineko kote ni reli moja, na treni zinasubiriana kwenye njia za kupishana. Msomaji aliyewahi kupanda reli ya kati kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma anaijua hali hiyo bila kuelezwa: treni imesimama, hakuna anayeshuka, wote wanasubiri ile nyingine ifike. Kwa anayeendesha, hapo ndipo ratiba inapopata uhai. Dakika nne za kuchelewa Kingussie zinaweza kuwa dakika kumi na mbili Aviemore, na kosa si la mtu mmoja.

Halafu kuna milima. Kilele cha Drumochter, ambacho bango la kando ya reli linakiandika kwa Kigaeli Druimuachdar, kiko futi 1,484 juu ya bahari, yaani mita 452, na hakuna mahali pengine kwenye mtandao mkuu wa reli za Uingereza palipo juu kuliko hapo. Kaskazini zaidi kuna Slochd, futi 1,315. Kutoka Blair Atholl kupanda Drumochter reli inainuka sehemu kubwa kwa 1 kwa 70 (mita moja juu kwa kila mita 70 za safari) hadi 1 kwa 85, mfululizo, kwa maili 17 hivi. Kutoka upande wa Inverness kwenda Slochd kuna sehemu za 1 kwa 60.

Na kuna mchanganyiko wa treni. Kampuni ya ScotRail wameendesha humo treni za Inter7City, yaani vichwa viwili vya Class 43 (Class ni namba ya aina ya treni huko Uingereza) na mabehewa manne au matano katikati, pamoja na Class 158 na 170. Kampuni ya LNER huleta treni yake ya Azuma kutoka London King's Cross, treni moja kwa siku kila upande iitwayo Highland Chieftain. Usiku hupita Caledonian Sleeper, na mizigo ya makontena ya maduka makubwa huvutwa na Class 66. Njia yenye treni za abiria za aina nne, treni ya usiku na mizigo, zote zikigombea reli moja, ni pendekezo linalojitetea lenyewe.

Lakini usipendekeze maili zote 118. Hapo ndipo mapendekezo mengi mazuri hufia. Ukihesabu zile sehemu zenye njia mbili, reli za kutandika zinavuka kilometa 240 kabla hujagusa hata njia moja ya kupishana. Perth ni stesheni kubwa yenye matawi yanayoachana ndani ya majukwaa, na Inverness ni pembetatu ya reli. Kila moja kati ya hizo mbili inaweza kula miezi. Kata kipande cha Blair Atholl hadi Aviemore: maili 48, saa moja hivi kwa treni ya abiria, stesheni tano tu za kujenga, ambazo ni Blair Atholl, Dalwhinnie, Newtonmore, Kingussie na Aviemore. Kipande hicho kina mpando wote wa kusini, kilele, sehemu ya njia mbili, sehemu ya reli moja, na ishara za semafo, zile za kizamani za mkono unaoinuka na kushuka, zilizobaki Blair Atholl, Dalwhinnie na Kingussie. Aviemore ni mwisho mzuri kwa sababu Strathspey Railway, reli ya urithi yenye treni za mvuke, inaanzia pale pale.

Tuingie karakanani.

Kazi ya kwanza ni ardhi. Kihariri hupokea data za mwinuko wa ardhi, na zinazopatikana bure ni za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani Februari 2000. Faili huitwa kwa kona yake ya kusini magharibi. Blair Atholl iko ndani ya N56W004, Dalwhinnie ndani ya N56W005, Kingussie ndani ya N57W005 na Aviemore ndani ya N57W004. Yaani kipande chetu kifupi kinahitaji faili zote nne, kwa sababu kona zake zinakutana karibu katikati ya njia. Ukisahau moja, ardhi inakatika kama ukuta. Chukua toleo lililozibwa mashimo, la sivyo utakuta mabonde ya ajabu mahali ambapo rada haikuona kitu.

Kabla ya kuleta data hizo, hakikisha templeti uliyoanzishia njia ina chimbuko la latitudo na longitudo lililo karibu na njia yenyewe. Kosa hili ni baya kuliko yote kwa sababu halionekani mapema. Ardhi inashuka vizuri, unatandika reli kilometa ishirini, kisha unagundua mto uko mita mia moja mbali na daraja. Hakuna kitufe cha kuhamisha kila kitu. Jaribio lake ni dogo: leta ardhi ya eneo moja tu, weka kialama kwenye makutano ya mto na barabara yanayojulikana, na uone kama bonde linapita pale.

Pili, na hapa tutakaa kidogo, usiiruhusu ardhi ikupangie mwinuko wa reli. Data za SRTM zinaweza kukosea mita kadhaa, na kwenye misitu ya misonobari rada husoma vilele vya miti badala ya udongo. Chukua kilometa moja ya mpando wa 1 kwa 70. Reli halisi inapanda mita 14.3. Ardhi ya data ikikosea mita 5 kwenda juu, reli uliyoilaza juu yake inapanda mita 19.3, na 1 kwa 70 imegeuka 1 kwa 52. Ikikosea mita 5 kwenda chini, imekuwa 1 kwa 108. Kwa macho huoni tofauti. Kwenye usukani wa treni ya mizigo ni mbingu na ardhi.

Njia sahihi ni kinyume chake. Pata mchoro wa miinuko ya reli, ambao kwa reli za Uingereza umechapishwa mara nyingi, na uthibitishe kwa vibao vya mwinuko vilivyosimama kando ya reli, ambavyo huonekana kwenye video za kibanda cha dereva. Weka mwinuko wa kila kipande kwa namba, kuanzia sehemu yenye kimo kinachojulikana. Drumochter, mita 452, ni nanga nzuri. Ukifika kileleni kwa hesabu na ukajikuta mita 460, rudi nyuma utafute ulikoteleza. Ukiisha kupata reli sahihi, ndipo uiambie ardhi iifuate.

Kihariri kinakulipa hapa. Kina zana ya mwinuko inayolainisha mpito kati ya miinuko miwili, na zana ya kutandika reli ya pili sambamba na ya kwanza kwa umbali unaoutaka. Kwa Uingereza anza na mita 3.4 kati ya katikati ya njia moja na katikati ya nyingine. Kona zina mipito yake ya kuingilia, na kanuni ya reli utakayochagua mwanzoni ndiyo inayoamua kona kali kiasi gani inaruhusiwa na reli ya nje inainuka kiasi gani. Ichague kabla ya kutandika mita ya kwanza. Kuibadilisha katikati kunaacha viungo ambavyo treni inavipita kwa kuruka.

Kuna jaribio moja tunalolipenda kwa kukagua kama mpando wako ni wa kweli. Chukua Class 66 na mabehewa ya tani 1,000, jumla kama tani 1,130 pamoja na kichwa. Kwenye 1 kwa 70 uzito huo unaivuta treni nyuma kwa kilonewtoni 158. Kuipandisha kwa maili 45 kwa saa kungehitaji zaidi ya kilowati 3,100 kwa ajili ya mlima peke yake, na injini nzima ya Class 66 inatoa kama 2,460, ambazo nyingine zinapotea kabla ya kufika magurudumuni. Kwa hiyo treni hiyo inapaswa kulegea mpaka kati ya maili 20 na 30 kwa saa na kubaki hapo ikinguruma. Ikipanda kwa 45 bila shida, ama mwinuko wako ni wa uongo ama mabehewa uliyoyapakua hayana uzito yanaodai kuwa nao. Badilisha mabehewa kwanza, kwa sababu ni rahisi, kisha rudia.

Ishara ndizo zinazowatoa wengi machozi. Kila ishara ina kiungo namba sifuri kinachokaa pale ilipo, na viungo vingine vinavyotakiwa kuwekwa mbele, kimoja kwa kila njia inayoweza kufuatwa. Viungo hivyo lazima viwe baada ya pointi, yaani mahali njia moja inapogawanyika, pale reli zilipokwisha kuachana kabisa. Ukikiweka kimoja kabla ya pointi, ishara haiwezi kujua treni inaelekea wapi. Itabaki nyekundu milele, au itafunguka kwa njia ambayo haikuwekwa, na hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu halikusumbui mpaka treni mbili zikutane uso kwa uso. Hakikisha pia mshale wa ishara unatazama upande wa safari. Kwenye reli moja unaweka ishara za pande zote mbili kwenye njia ile ile, na kugeuza mshale mmoja bila kukusudia ni kosa la kila siku.

Kati ya Blair Atholl na Dalwhinnie kuna maili 23 za njia mbili. Bila ishara za katikati, treni ya pili haiwezi kuondoka Blair Atholl mpaka ya kwanza ifike Dalwhinnie, na ratiba yote inakwama. Zitafute kwenye video za dereva na uziweke kwa umbali wake wa kweli. Kwa zama hizi weka pia sumaku ya AWS, mfumo wa kumwonya dereva, mita 180 hivi kabla ya ishara. Dereva akiipita sumaku hiyo ishara ikiwa wazi anasikia kengele. Ikiwa ya tahadhari anasikia honi, na asipobonyeza Q haraka breki zinajifunga. Mjenzi anayeisahau sumaku moja huwa hagundui, kwa sababu kukosekana kwa sauti hakulalamiki.

Mpangaji wa treni wa mchezo, yaani sehemu ya programu inayozigawia treni njia, ana tabia yake. Hushika njia mapema, na akishaishika kwa treni moja haiachi hovyo. Kwenye reli moja hilo huzaa mkwamo: treni mbili zimesimama pande mbili za Kingussie, kila moja imeshika kile ambacho mwenzake anakihitaji. Jaribu kwa hatua. Kwanza treni mbili tu, moja kila upande, zikipishana Kingussie. Zikipita, ongeza ya tatu inayoifuata ya kwanza. Kisha ongeza ya mizigo. Ukiweka kumi kwa mara moja na zikakwama, hutajua chanzo ni ishara ipi.

Angalia na urefu. Inter7City ya mabehewa matano ina mita 151 hivi: mabehewa matano ya mita 23 na vichwa viwili vya mita 17.8. Azuma ya mabehewa tisa ina mita 234. Njia ya kupishana unayoijenga ipime kutoka ishara hadi ishara, maana mkia wa treni ukibaki juu ya pointi mpangaji hataifungua njia kwa anayesubiri. Hapo usibuni. Pima kwenye picha za angani, urefu halisi, hata kama ni mfupi kuliko unavyopenda, kwa sababu ufupi huo ndio unaozifanya treni ndefu kuwa kazi.

Majukwaa yana vipimo vyake: ukingo unakaa milimita 915 juu ya reli na milimita 730 kutoka ukingo wa ndani wa reli iliyo karibu. Stesheni kongwe nyingine ziko chini ya hapo, na ni vizuri kuliacha hilo lionekane. Jukwaa likisogea sentimita kumi kuelekea reli, mabehewa ya mita 23 yatalichana kwenye kona, kwa kuwa katikati ya behewa huingia ndani ya kona na ncha zake hutoka nje.

Kuhusu mandhari kihariri kina nguvu na udhaifu. Msitu unaupanda kwa zana ya kumwaga miti, uzio na nguzo vinafuata reli kwa kuvutwa kama uzi. Lakini vitu vinavyokuja na mchezo ni vya Uingereza ya jumla, na nyanda za juu za Scotland hazifanani na Kent. Drumochter haina miti: ni nyasi za kahawia, mawe, maji meusi, barabara ya A9 upande mmoja na minara mikubwa ya umeme ya Beauly hadi Denny ikitembea bondeni pamoja na reli. Ukiipata rangi ya nyasi peke yake, nusu ya kazi imekwisha. Jitengenezee kwa mkono vitu vichache ambavyo dereva atavitafuta: kiwanda cha wiski cha Dalwhinnie, cheupe, chenye paa mbili za mtindo wa pagoda, na magofu ya kambi ya askari ya Ruthven juu ya kilima chake kidogo ng'ambo ya mto Spey karibu na Kingussie. Na Calvine, mahali pazuri kuliko pote kwenye kipande hiki, ambapo reli inavuka mto Garry kwa kupita juu ya daraja la barabara ambalo nalo linavuka mto huo huo. Madaraja mawili yamepandana. Jenga la chini kwanza, kisha barabara, kisha la reli, na usiitumie eneo lile amri ya kuifanya ardhi ifuate reli, la sivyo itaufukia mto.

Amri hiyo hiyo ni adui wa mahandaki. Ukiitumia juu ya handaki inaukata mlima toka juu mpaka chini. Kwenye kipande chetu haikusumbui, ila ukija kurefusha kusini hadi Killiecrankie, penye daraja la matao na handaki fupi vilivyofuatana, ichukulie ile reli ya ndani kama kipande cha peke yake na usiiguse na amri hiyo kamwe.

Sasa yale yanayoharibika. La kwanza ni reli zinazoonekana zimeungana lakini hazijaungana. Treni inasimama kama imefika mwisho wa dunia. Dawa yake ni kukiendesha kichwa kitupu polepole njia nzima, pande zote mbili, ukipitia kila pointi kwa matawi yake yote mawili, huku ramani bapa ikiwa wazi kwa kitufe cha 9. Vipande vifupi vya chini ya mita moja, ambavyo hubaki baada ya kukata na kuunga mara nyingi, vifute uviunge upya kwa kimoja kirefu. La pili ni kile kisanduku maarufu kinachokuambia tu kwamba jambo baya limetokea, bila kusema lipi. Mara nyingi chanzo ni kitu kimoja kilichowekwa karibuni. Hifadhi kwa F2 kila baada ya dakika kumi, na kila ukimaliza kazi ya siku nakili folda nzima ya njia kutoka Content, Routes, uipe tarehe. Folda hizo zina majina marefu ya herufi na namba; jina la kweli limo ndani, kwenye faili la RouteProperties. Nakala tano za mwisho zinatosha.

La tatu ni mali za watu. Kila mti, nyumba na ishara unayotumia inatoka kwenye kifurushi fulani, na ukitumia kimoja cha kulipia, kila atakayeipakua njia yako lazima awe nacho, vinginevyo ataona mashimo hewani. Andika orodha ya vifurushi tangu siku ya kwanza. Tumia vichache, vile ambavyo wachezaji wengi wa Uingereza tayari wanavyo. Njia inayodai vifurushi ishirini huishia kusifiwa kwa picha na kuendeshwa na watu watatu.

Kuhusu ramani za kuchorea, OpenStreetMap inatosha kwa mstari wa reli, na Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani zilizopangwa juu ya za leo. Hizo za pili ni hazina kwa anayetaka kujenga miaka ya 1980, wakati wa Class 47 na HST, treni za kasi za vichwa vya Class 43. Zama hizo zinavutia na semafo zilikuwa nyingi zaidi, ila kila kitu kitategemea picha za kale. Kwa pendekezo la kwanza chagua miaka kuanzia 2019, maana unaweza kukagua kila nguzo kwa video.

Pendekezo lenyewe, la kuwapa wachezaji wenzako watakaosaidia au watengenezaji wanaouza, liwe ukurasa mmoja. Taja mwanzo na mwisho, maili, mwaka, aina za treni na zipi tayari zipo kwenye mchezo, aina ya ishara, idadi ya stesheni, majengo mangapi ni lazima yatengenezwe upya, na chanzo cha miinuko yako. Kabla ya hapo tafuta kwenye duka la Steam na kwenye Workshop yake, ambako wachezaji hugawiana kazi zao, kama mtu ameshaijenga au anaijenga. Settle hadi Carlisle, kwa mfano, imo kwenye michezo ya treni tangu ile ya Microsoft ya 2001, na anayeileta tena inabidi aje na sababu. Ambatanisha kitu cha kuendesha: maili tano tu kutoka Blair Atholl kwenda juu, reli na ishara zikiwa kamili, ardhi ikiwa uchi bila mti hata mmoja, na treni moja ya mizigo. Atakayeipandisha kwa dakika kumi ataelewa pendekezo kuliko kwa picha hamsini. Majina na rangi za kampuni za reli yana wenyewe, na kwa kazi ya kuuzwa ruhusa huombwa mapema.

Baada ya Aviemore kuna sababu ya kuendelea: Carrbridge, Slochd, daraja la chuma la Findhorn, na lile la Culloden la 1898, matao 29 ya mawe mekundu yenye urefu wa futi 1,800 juu ya mto Nairn, refu kuliko yote ya mawe Scotland. Tao moja ni pana kuliko mengine, lile linalovuka maji yenyewe, na anayenakili tao moja mara 29 atakuwa amelikosea. Lijenge mahali pake mapema, hata likiwa la kijivu bila rangi, ili mwinuko wa 1 kwa 60 ufungwe kwake. Pembetatu ya Inverness na isubiri mpaka treni mbili ziwe zimeshapishana Slochd bila kukwama.